Kasha la Kulinda Taa ya Kuvaa

1. Safari ya asubuhi

Fikiri kwamba unaishi Masukulu, katika Wilaya ya Rungwe. Ni mwezi wa Aprili. Unaondoka nyumbani kwenda shuleni kabla jua halijachomoza. Ukungu umeifunika migomba iliyo kandokando ya njia, na mvua ya rasharasha inanyesha. Mbele yako kuna barabara ambayo huna budi kuivuka. Wewe unaisikia pikipiki inayokuja, lakini dereva wake hakuoni. Yeye anaona ukungu tu.

Katika somo lililopita ulijifunza kuunganisha betri, waya na taa ndogo. Ukiivaa taa ya namna hiyo, dereva ataweza kukuona ungali mbali. Lakini taa peke yake haitoshi. Mwanafunzi mmoja alijifunga taa yake kifuani kwa kamba bila kuifunika. Siku ya kwanza iliwaka vizuri. Siku ya pili ilinyeshewa njia nzima. Siku ya tatu iliwaka alipotoka nyumbani, kisha ikazimika njiani bila yeye kujua. Taa iliyozimika hivyo ina hatari kubwa, kwa sababu mwenye nayo hudhani kwamba anaonekana, kumbe haonekani.

Katika somo hili utajifunza kutengeneza kasha la kuilinda taa yako. Kasha ni chombo kinachofunika kitu na kukikinga kisiharibike.

2. Makasha ya asili

Binadamu si wa kwanza kutengeneza makasha. Tazama vitu vinavyokuzunguka. Yai lina ganda gumu linalokilinda kifaranga. Kobe hubeba ganda lake mgongoni, na akiona hatari huingiza kichwa na miguu ndani. Tunda la kakao, linalolimwa Kyela na katika sehemu za chini za Rungwe, lina ganda nene. Ndani ya ganda hilo mbegu zimezungukwa na nyama laini, kwa hiyo tunda likigongwa, mbegu haziumii upesi.

Chunguza vizuri tunda la kakao au ndizi. Utaona kwamba kasha zuri lina kazi zaidi ya moja. Huzuia maji ya nje yasiingie. Huzuia unyevu wa ndani usipotee. Huzuia wadudu. Hupunguza nguvu ya mgongano. Tena si zito kupita kiasi, maana mmea au mnyama anapaswa kulibeba.

Kasha lako litafanya kazi zinazofanana na hizo. Litabebwa na wewe mwenyewe.

3. Maadui wa vifaa vya umeme

Kifaa cha umeme kinachovaliwa mwilini hupata taabu zaidi kuliko kifaa kinachokaa mezani. Redio ya nyumbani hainyeshewi, haitoki jasho, wala hairuki mtaro. Taa yako itapatwa na mambo hayo yote. Maadui wake wakubwa ni watano:

(a) Maji ya mvua na ukungu. Mji wa Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Maana yake ni kwamba, kama mvua yote ya mwaka mmoja ingebaki mahali iliponyesha, bila kutiririka, kunywewa na ardhi wala kukauka, kina chake kingezidi mita 2. Maji hayo yangemfunika mwalimu wako mpaka juu ya kichwa.

(b) Jasho. Jasho ni maji yenye chumvi.

(c) Vumbi na matope.

(d) Mtikisiko na kuanguka.

(e) Joto la jua kali na la moto.

Kwa nini maji huharibu vifaa vya umeme? Fanya jaribio lifuatalo uone.

Jaribio la 1: Maji na umeme

Vifaa: Betri tatu ndogo za redio, kila moja ya volti 1.5, taa ndogo ya diodi ya rangi nyekundu au njano, rezista ya omu 100, vipande vya waya wa shaba, kikombe cha maji safi, vijiko viwili vya chumvi.

Taa ya diodi ni taa ndogo inayotumia umeme kidogo sana. Ina miguu miwili. Mguu mrefu huunganishwa upande wa chanya (+) wa betri, na mguu mfupi upande wa hasi (−). Ukiigeuza haitawaka. Rezista ni kipande kidogo kinachopunguza umeme unaopita, ili taa isiungue. Taa na rezista za namna hii hupatikana kwa fundi wa redio.

Njia:
1. Unganisha betri tatu, rezista na taa katika mzunguko mmoja. Acha mwanya mahali pamoja, ambapo ncha mbili za waya zimemenywa na hazigusani.
2. Gusanisha ncha hizo kwa muda mfupi. Taa itawaka. Ziachanishe. Taa itazimika.
3. Tumbukiza ncha zote mbili katika kikombe cha maji safi, bila kuzigusanisha. Je, taa inawaka?
4. Tia chumvi katika maji na ukoroge. Tumbukiza ncha tena, zikiwa karibukaribu. Sasa unaona nini?
5. Ziache ncha ndani ya maji ya chumvi kwa dakika 10. Zitoe, uzitazame. Mwaga maji hayo, kisha nawa mikono. Usiyaonje.

Katika maji safi taa haiwaki, au huwaka kwa mwanga hafifu mno. Katika maji ya chumvi huwaka, ingawa si kwa nguvu kama ncha zilipogusana. Baada ya dakika 10 utaona kwamba ncha moja imeanza kuliwa na kubadilika rangi.

Jaribio hili linatufundisha mambo mawili. Kwanza, maji yenye chumvi hupitisha umeme. Mvua ikichanganyika na jasho na vumbi juu ya betri yako, umeme hupata njia nyingine ya kupita, usipite katika taa. Betri huisha bure hata kama taa haiwaki. Pili, mahali ambapo maji na umeme hukutana, chuma na shaba huliwa upesi. Ndiyo sababu taa ya yule mwanafunzi haikuzimika siku ileile iliponyeshewa. Iliendelea kuliwa polepole, hata mawasiliano kati ya waya na betri yakakatika.

4. Kuchagua kitu cha kutengenezea kasha

Jaribio la 2: Kasha lipi linakinga?

Vifaa: Boksi dogo la karatasi ngumu, pingili ya mwanzi iliyozibwa kwa kizibo cha mti, kopo la bati lenye mfuniko, kopo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza kwa kuzungusha, vipande vinne vya karatasi kavu, debe lililotobolewa matundu madogo chini, maji.

Njia: Weka kipande cha karatasi kavu ndani ya kila chombo, kisha ufunge. Panga vyombo vyote chini. Mwenzako ashike debe juu yake huku wewe ukitia maji, ili yanyeshe kama mvua kwa dakika 10. Futa vyombo kwa nje kabla ya kuvifungua. Chora jedwali katika daftari lako, uandike hali ya kila karatasi: kavu, yenye unyevu, au iliyolowa.

Sasa linganisha matokeo yako na maelezo haya.

Boksi la karatasi hunywa maji na kulegea. Halifai.

Mwanzi ni mgumu na mwepesi, na katika Rungwe hupatikana kwa urahisi. Vifundo vyake ni kuta zilizokwisha kutengenezwa. Lakini mwanzi hunywa unyevu ukinyeshewa kwa muda mrefu, na ukikauka juani huweza kupasuka. Tena mwanga haupiti ndani yake.

Kopo la bati lililofungwa vizuri huweza kuzuia maji. Hata hivyo lina kasoro tatu. Hushika kutu, huzuia mwanga, na hupitisha umeme. Waya uliomenywa ukigusa bati mahali pawili, umeme utapita katika bati badala ya kupita katika taa, na betri itapata moto.

Kopo la plastiki halipitishi umeme, halishiki kutu, wala halinywi maji. Kama ni angavu, mwanga hupita. Kasoro yake ni kwamba hulainika kwa joto la moto, na likikaa juani kwa miaka huwa jepesi kuvunjika.

Kwa kazi yetu, kopo angavu la plastiki linafaa kuliko vyombo vingine. Je, jaribio lako limeonyesha hivyo? Kama karatasi iliyokuwa katika kopo la plastiki ililowa, usifute jibu lako. Chunguza mfuniko. Huenda haukukazwa, au una ufa.

5. Wengine wanaovaa vifaa vya umeme

Mjini Morogoro, shirika la APOPO hufanya kazi pamoja na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Hapo panya buku hufundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na kutambua ugonjwa wa kifua kikuu. Baadhi yao wamekuwa wakifundishwa pia kutafuta watu waliofukiwa na majengo yaliyoanguka. Panya hao huvaa fulana ndogo yenye mkoba mgongoni. Ndani ya mkoba huwekwa kamera ndogo na vyombo vya kupeleka habari kwa watu walio nje. Panya akimfikia mtu, huvuta swichi iliyo kwenye fulana, na sauti hulia. Mkoba huo ulibuniwa kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, nchini Uholanzi.

Fikiri juu ya kazi ya aliyetengeneza kasha la panya. Panya buku mzima huwa na uzito wa kilo 1 hadi 1.5 hivi. Kasha likiwa zito, panya atachoka. Likiwa pana, litakwama katika nyufa. Likiwa dhaifu, vifusi vitalivunja. Likiwa na ncha kali, litamwumiza panya naye atakataa kulivaa.

Tembo nao huvishwa mikanda shingoni yenye vyombo vya kuonyesha mahali walipo. Mwaka 2018 kazi ya namna hiyo ilifanyika katika eneo la Selous, kusini mwa Tanzania. Tembo ana nguvu za kubeba kasha zito, lakini hujigaragaza katika matope, huoga mtoni na hujisugua kwenye miti. Kwa hiyo kasha la tembo lazima liwe nene na lizibwe kabisa.

Unaona basi kwamba hakuna kasha moja linalomfaa kila mmoja. Kabla ya kutengeneza kasha, jiulize: nani atalivaa, wapi, na litapatwa na nini?

6. Kutengeneza kasha lako

Vifaa: Kopo angavu la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, linaloweza kuingia betri mbili ndogo zikilala bega kwa bega, betri mbili za volti 1.5 na kikalio chake kutoka redio mbovu, taa ya diodi ya rangi nyekundu au njano, rezista ya omu 100, waya, utepe wa umeme, kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kipande cha sponji, kitambaa kigumu, sindano na uzi, mkasi.

Kwanza, tufikiri juu ya matundu. Watu wengi hutoboa tundu la taa, tundu la swichi na tundu la kamba. Kila tundu ni mlango wa maji. Unaweza kuliziba kwa nta au gundi, lakini nta hulainika kwa joto, na gundi hubanduka. Tundu lisilovuja kamwe ni lile ambalo halikutobolewa. Kwa kuwa kopo letu ni angavu, taa inaweza kukaa ndani na mwanga ukatoka. Kwa kuwa tutatumia ulimi wa plastiki badala ya swichi ya nje, hatuhitaji tundu la swichi. Na kwa kuwa kopo litakaa ndani ya mfuko wa kitambaa, hatuhitaji tundu la kamba.

Hatua:
1. Osha kopo kwa sabuni, ulisuuze, kisha ulianike mpaka likauke kabisa.
2. Unganisha kikalio, rezista na taa. Mguu mrefu wa taa uelekee upande wa chanya. Sokota viungo vizuri na uvifunge kimoja kimoja kwa utepe wa umeme, ili visigusane. Kama mwalimu yupo karibu na kuna chuma cha kulehemu, viungo vilehemiwe na mwalimu au fundi.
3. Kata ulimi wa plastiki wenye upana wa sentimita 1. Uingize kati ya betri na bati la kikalio. Taa itazimika. Ukiuvuta, taa itawaka. Hiyo ndiyo swichi yako.
4. Kata mpira wa baiskeli uwe duara lenye ukubwa wa mfuniko. Uweke ndani ya mfuniko. Unapokaza, mpira utabanwa na kuziba nafasi iliyobaki. Saa nyingi za mkononi zisizoingia maji zina pete ya mpira inayofanya kazi hiyohiyo chini ya mfuniko wake wa nyuma.
5. Kata sponji uizungushe kikalio, ili betri zisicheze ndani ya kopo. Acha nafasi mbele ya taa. Sponji hufanya kazi ya ile nyama laini ya kakao.
6. Shona mfuko wa kitambaa wenye dirisha upande wa taa. Shonea mkanda wenye upana wa sentimita 3 au zaidi. Mkanda mwembamba hukata ngozi. Mpana hugawanya uzito.
7. Vaa mkanda kutoka bega moja kupita kifuani. Mfuniko wa kopo uelekee chini, ili maji yatiririke bila kutuama juu ya mwanya wa mfuniko.

Lakini usitie taa ndani bado.

7. Kulipima kasha

Nyumba hupimwa kwa mvua kabla mwenye nyumba hajahamia. Ndivyo na kasha.

Jaribio la 3: Je, kasha linavuja?

Weka ndani ya kopo karatasi kavu na jiwe dogo lililoviringishwa katika sponji, lenye uzito unaokaribiana na wa betri. Kaza mfuniko. Lizamishe kopo katika ndoo ya maji kwa dakika 10, ukilishika chini kwa mkono. Je, mapovu yanatoka? Povu linalotoka huonyesha mahali ambapo maji yataingia. Litoe, ulifute, ulifungue, utazame karatasi.

Kisha kaza tena, uliangushe juu ya udongo mgumu kutoka kimo cha mita 1. Rudia mara tano. Lizamishe tena. Makasha mengi hushinda jaribio la kwanza na kushindwa baada ya kuanguka, kwa sababu ufa mdogo umetokea bila kuonekana.

Karatasi ikiwa kavu mara zote mbili, kasha lako limefaulu. Ikiwa imelowa, tafuta kosa, lirekebishe, upime tena. Karatasi iliyolowa si hasara. Afadhali ilowe karatasi darasani kuliko taa izimike barabarani.

8. Unyevu unaotoka ndani

Huenda asubuhi moja ukakuta matone madogo ndani ya kopo, ingawa halivuji. Yametoka wapi?

Pumulia kioo baridi. Kioo hupata ukungu. Pumzi yako ina mvuke wa maji. Ukigusa kitu baridi hugeuka matone. Hewa iliyo ndani ya kopo nayo ina mvuke. Ukilifunga kopo katika hewa yenye unyevu, kisha likapigwa na baridi ya alfajiri, mvuke hugeuka matone juu ya plastiki na juu ya betri.

Kwa hiyo, anika kopo na sponji juani, kisha ufunge mahali pakavu, mbali na mvuke wa jikoni. Unaweza pia kutia kifuko kidogo cha kitambaa chenye punje za mchele uliokaangwa bila mafuta na kupoa. Mchele mkavu hunyonya unyevu kiasi. Ndiyo sababu watu wengine huutia katika kichupa cha chumvi.

9. Tahadhari

- Usifanye majaribio haya kwa umeme wa nyumbani. Umeme huo huua.
- Usitumie betri ya simu. Ikitobolewa au ikiunganishwa vibaya huweza kuwaka moto.
- Betri ndogo za duara kama kifungo ziwekwe mbali na watoto wadogo. Mtoto akimeza moja, apelekwe hospitali mara moja.
- Usivae mkanda wa taa shingoni. Ukinaswa kwenye tawi utakukaba.
- Vuta ulimi wa taa ukiwa bado ndani ya nyumba, ukaze mfuniko, uone kwamba taa inawaka kabla ya kutoka.
- Taa haisimamishi gari. Tembea upande wa kulia wa barabara ili uyaone magari yanayokuja, na tazama kulia na kushoto kabla ya kuvuka.

10. Muhtasari

Kasha hukinga kifaa cha umeme na maji, jasho, vumbi, mtikisiko na joto. Plastiki inafaa kwa sababu hainywi maji wala haipitishi umeme. Kila tundu ni njia ya maji. Kasha hupimwa kabla ya kutumiwa, na hupimwa tena baada ya kuanguka.

Maswali

1. Taja maadui watano wa taa inayovaliwa.
2. Kwa nini jasho huharibu kifaa cha umeme zaidi kuliko maji safi?
3. Kopo la bati huzuia mvua. Kwa nini hatukulichagua?
4. Sponji iliyo ndani ya kasha inafanana na sehemu gani ya tunda la kakao? Eleza.
5. Kasha la panya na kasha la tembo lingetofautiana kwa mambo gani?
6. Rafiki yako amekuta matone ndani ya kopo. Anasema, "Kasha langu linavuja." Utamfanyia jaribio gani ili kujua kama ni kweli?
7. Kazi ya nyumbani: Mkulima wa Masukulu anataka kubeba redio ndogo shambani wakati wa mvua, na bado aisikie sauti yake. Chora kasha utakalomtengenezea. Onyesha mahali sauti itakapotokea, na ueleze utakavyozuia maji yasiingie hapo.